Niliamini kila sinema hutengenezwa mara mbili: moja ya town, moja ya Eastlands

Wakuu, natumai mko poa popote mlipo. Wekeni chai karibu, huu uzi si mrefu sana. Ni kweli tupu, na nikiongeza chumvi mtajua tu, maana mimi nikiongeza huwa naongeza kilo nzima.

Basi. Miaka ile ya sabini ikielekea kuisha, mimi mtu mzima, mwenye cheti cha night school kilichotiwa frame, niliamini kwamba kila sinema duniani hutengenezwa mara mbili.

Ya town, steringi, yule shujaa mwenyewe, anakufa. Watu wa town wamekaa kwa viti vya sponji na wana leso, wanaweza kulia polepole.

Ya Eastlands, steringi haguswi hata ukucha. Wenye sinema wanajua akikufa sisi tutavunja mabenchi.

Mnacheka. Ngojeni.

Aliyeniambia ni Odhiambo, fitter wa mashine, tulikuwa naye kiwanda kimoja cha sabuni Baba Dogo, na tulipanga vyumba plot moja. Odhiambo akikuambia kitu, anakuambia akikukazia macho mpaka unaona aibu kukataa. Alisema binamu yake anamjua dereva anayebeba sinema kutoka airport, na yale makopo ya filamu huja ya rangi mbili.

"Nyekundu ya wakubwa, kijani yetu. Professor, wewe umesoma na hujui hiyo?"

Professor ndiyo mimi. Jina nilipewa na plot, kwa sababu kila Ijumaa nilikuwa nawasomea gazeti.

Sasa hapo kwa gazeti ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Kulikuwa na mhakiki, jamaa wa kuandika maoni yake kuhusu sinema mpya. Gazeti la Kiingereza, ukurasa wa nyuma nyuma, Kiingereza cha kuvunja meno. Mimi Kiingereza changu chote cha maana nilikitoa kwake. Akisema sinema ni predictable, yaani unajua mapema itakavyokwisha, wiki hiyo nzima kila kitu kwangu ni predictable. Nilimwambia mama mwenye nyumba kwamba ugali wake ni predictable, akanishukuru sana na kuniongeza nyama.

Kwa hivyo nilimheshimu huyo mtu. Lakini kila tukitoka kuangalia sinema aliyoiandikia maoni, tunakaa kwa mlango wa plot tukiwa tumechanganyikiwa kabisa.

Mfano. Ilikuja ya karate. Mhakiki akaandika ina mateke mengi kuliko akili, na kwamba mtu yeyote mwenye macho angejua mapema kuwa mwalimu mzee ndiye msaliti.

Msaliti? Sisi tulimwona mwalimu akimkumbatia mwanafunzi wake kama baba yake mzazi!

Ikaja ya Kihindi. Akalalamika kwamba nyimbo zingepunguzwa nusu, na kitu pekee kilichomgusa ni yule mama alivyopofuka mwishoni.

Wakuu, huyo mama sisi tulimwacha harusini akicheza. Macho yake yote mawili yalikuwa yanaona mpaka Machakos.

Halafu ikaja moja ya polisi mzee, akaisifu sana. Eti imetulia, eti ukimya wake unasema mengi. Hiyo tulikaa masaa mawili tukiangalia watu wakinywa kahawa. Adui hakupigwa, hakushikwa, hakufanywa chochote. Watu walilala humo ndani kama hospitali. Na cha ajabu, ndiyo pekee ambayo mwisho wake na wetu ulikuwa sawa!

Sasa niambieni, mtu wa akili zake afikirie nini? Nilijaribu zote. Mara nikasema jamaa hulipwa aandike uongo. Mara nikasema hulala katikati. Odhiambo alipokuja na habari ya makopo ya rangi mbili, haki ya nani nilisikia kama mtu amewasha taa kichwani.

Tuendelee, maana sasa ndiyo inaingia Nyambura.

Nyambura alikuwa anauza vitambaa katika duka moja la town, na nyumbani kwao ni Makongeni. Baba yake, mtu wa reli, mzee wa kanisa, hakuwa na haraka ya kumpa binti yake kijana wa kutoka magharibi anayenuka sabuni ya kiwanda. Ilichukua maombi mengi na shangazi wawili mpaka akakubali wazee wangu waje kujitambulisha.

Siku ikapangwa. Baba yangu akaanza kutafuta koti la kuazima. Mambo yalikuwa yananyooka.

Ndipo kaka yake Nyambura, Kamau, akaenda kumwambia dada yake kwamba Jumapili ameniona kwa baa moja na mwanamke wa kitambaa cha kijani.

Nyambura akaniita nje ya duka saa ya lunch. Hakupiga kelele. Nyinyi mliooa mnajua, kelele ni afadhali.

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Sinema. Pale social hall, karibu na kwenu. Ile ya jamaa aliyetoka jela."

"Inaishaje?"

Nilifurahi, wakuu! Nikajua nimepona. Nikamweleza yote na mikono: jamaa ametoka jela, akakuta tajiri amenyakua kinu cha unga cha baba yake, wakapigana juu ya daraja, tajiri akaanguka mtoni, jamaa akambusu msichana. Kwisha.

Nyambura aliniangalia kama kitambaa kilichoingia maji.

"Anauawa," akasema.

"Nani?"

"Huyo jamaa. Ndugu yake mwenyewe anampiga risasi stesheni. Mwenye duka hununua gazeti. Mhakiki ameandika ni sinema ya kawaida mpaka hapo mwisho, na hapo mwisho ndipo alipotoa leso."

"Hiyo ni ya town!" nikamwambia. "Yetu hafi!"

"Wanyonyi."

"Ziko mbili, Nyambura! Makopo nyekundu na makopo kijani!"

Sijui kama mmewahi kusema kitu ambacho kichwani kilikuwa kizuri sana, kisha mkakisikia kikitoka mdomoni. Kule kwa plot ilikuwa habari ya maana. Pale nje ya duka, mbele ya msichana anayetaka kujua kama ninamdanganya, ilisikika kama jamaa wa baa anatafuta njia ya kuponyoka.

Akaniambia, "Yule analipwa kuangalia hizo sinema. Wewe unataka nikuamini wewe, nimwache yeye. Mimi siwezi kumwambia baba apokee wazee wa mtu muongo."

Na akarudi ndani kupima vitambaa.

Wiki hiyo sikula. Sawa, nilikula, lakini bila raha. Kilichoniumiza kuliko yote ni kwamba nilikuwa nasema kweli! Nilikaa kwa hiyo benchi. Niliona hilo busu na macho yangu. Odhiambo alikuwa kando yangu akipiga mluzi. Nikampeleka Odhiambo kama shahidi, akaenda kumweleza habari za binamu yake na dereva wa airport, akaniharibia zaidi.

Mwishowe nikaomba kitu kimoja tu. Sinema ilikuwa inarudiwa Jumapili inayofuata, saa nane mchana. Nikamwambia, njoo uone mwenyewe. Akifa, mimi nitawarudisha wazee wangu hata kama wamefika Nakuru.

Muelewe, kwa msichana wa nyumba kama ile, social hall ilikuwa mahali pa wahuni. Baba yake angesikia, ingekuwa vita. Lakini alikuja, moja kwa moja kutoka kanisani, na Biblia kwa mkoba. Akapanguza benchi, akakaa wima.

Kwa wale ambao hawakuishi enzi hizo: ukumbi ulikuwa na mashine moja. Kipande kikiisha, taa zinawashwa, mwenye mashine anabadilisha, sisi tunapiga mabenchi tukiita "Weka! Weka!"

Ikaenda vizuri. Kinu kikanyakuliwa. Daraja likafika. Tajiri akapigwa ngumi, nyingine, chaliii mtoni!

Ukumbi wote ukasimama. Si kwa heshima. Mlango ulikuwa mmoja, mwembamba kama wa choo, wezi wa mifuko wanakungojea hapo, na basi za Jogoo Road zikijaa utatembea mpaka soli iishe. Kwa hivyo adui akianguka, watu huanguka nje. Busu lenyewe unaliona ukiwa umegeuza shingo, mguu mmoja uko mlangoni. Ndivyo tulivyoangalia sinema zote, tangu nijue sinema.

Taa zikawaka. Mimi niko juu, nimenyoosha mikono kama refa.

"Umeona? Amekufa? Hebu niambie, amekufa?"

Nyambura hakuwa amesimama.

"Kaa chini," akasema.

"Twende, basi zitajaa."

"Kaa."

Nikakaa. Ukumbi ukabaki mtupu, maganda ya njugu kila mahali. Mwenye mashine akatoa kichwa dirishani.

"Nyinyi mnangoja nini?"

"Mwisho," Nyambura akajibu.

Yule mzee alituangalia muda, kama mtu ambaye hajaombwa hiyo kitu tangu aajiriwe. Kisha akarudi ndani, na taa zikazimika.

Wakuu, ikaanza stesheni.

Akatokea ndugu yake, koti refu, mkono mfukoni. Mimi nikamwambia jamaa, kwa sauti, nyuma yako! Hakusikia. Risasi ikalia, na steringi wangu akalala chini kando ya reli, kofia ikibingirika peke yake.

Nililia. Sina leso, nikatumia mkono wa shati. Nililia na bado nilikuwa nimechanganyikiwa, kwa sababu sikuelewa jamaa aliyembusu msichana salama salimini anafanya nini hapo chini.

Hapa ndipo niweke funzo langu, kwa sababu maneno ya mwisho nataka yawe yake. Mtu anaweza kusema kweli yote aliyoiona na bado awe hajui kitu. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anabishana na mwingine, kila mmoja akiapa, sikimbilii kumwita mmoja muongo. Nauliza kwanza nani alitoka saa ngapi. Wazee wa social halls, semeni: kwenu pia mlikuwa mnatoka adui akianguka, au ni sisi wa Jogoo Road tu? Na nyinyi vijana mliambiwa uongo gani mkaumeza mzima? Wekeni hapa chini, tucheke pamoja. Wazee wangu walipokelewa, kabla hamjauliza, na koti la kuazima lilimbana baba mpaka akashindwa kuinua kikombe.

Basi taa zikawaka mara ya pili. Nikapanguza uso, nikamgeukia Nyambura, na kwa akili zangu zote za night school nikamwambia, "Leo wamekosea. Wametuletea ile ya town."

Nyambura alicheka mpaka akashika benchi. Alipopata pumzi akanishika mkono, akaniambia taratibu kama anayemfundisha mtu kusoma:

"Wanyonyi, hakuna ya town. Sinema ni moja. Nyinyi huenda nyumbani kabla haijaisha."