Bunduki Iliyopakwa Samli

Mwaka 1996, mwishoni mwa kiangazi, nikiwa na miaka tisa, tulihama kutoka Karagwe, Tanzania, kuja Kigali. Samli iliyochacha, ninapoinusa sokoni Niboye, hunirudisha mwaka ule.

Baba alikuwa na bunduki ya kulindia ng'ombe. Ili isishike kutu njiani, aliipaka samli, ingawa mama alimsihi atumie mafuta ya cherehani.

"Samli ya ng'ombe wangu haijawahi kuharibu kitu," alijibu.

Risasi alizifunga kando, na bunduki, ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi, ikahifadhiwa stoo kwa shangazi, mtaani Nyamirambo, ikisubiri kibali kipya cha kuimiliki.

Afisa wa vibali alipokuja kuikagua, blanketi lilifunguliwa uani mbele ya majirani. Sisimizi walimwagika, uvundo ukatanda, na mtutu ulikuwa mwekundu kwa kutu.

"Mzee, hii ni ya kupigia wezi au ya kukaangia ndizi?" afisa aliuliza.

Watu walicheka. Baba alimnyooshea mama kidole. "Huyu mwanamke ndiye aliyeipaka."

Mama aliinama akakung'uta sisimizi kwenye blanketi. Niliinamisha uso.

Ijumaa ya kwanza ya Februari 1997, kibali kilikataliwa rasmi, na baba akaikabidhi bunduki serikalini. Baba aliporudi, mama aliniambia nimpelekee maji anawe. Nilimmiminia nikitazama pembeni.