Alivyonijua Chini ya Leso

Mimi ni mtu wa kufungua vitu. Nina kibanda cha kutengeneza simu mjini Nyeri, na hata nyumbani siwezi kupita redio iliyonyamaza bila kutafuta bisibisi. Kitu kikinishinda, nasonya. Mama aliwahi kuniambia kwamba msonyo huo utanikosesha mume. Nikamsonya, nikachapwa.

Ndiyo maana watu walishangaa nilipompenda mtu wa kiini macho. Kazi yake ilikuwa kuuza mbegu na dawa za mifugo, lakini kwenye sherehe za watoto alikata kamba ya katani kwa makasi mbele ya watu, akaipuliza, ikawa nzima. Mara ya kwanza kunionyesha tulikuwa tumekaa kwenye nyasi karibu na uwanja wa Ruring'u. Nilikosa usingizi mpaka nikagundua: kulikuwa na kipande kifupi kiganjani, na hicho ndicho kilichokatwa. Nikamkimbilia dukani nikamweleza. Alinisifu, tena kwa moyo. Lakini hakuufanya tena mchezo wa kamba nikiwepo. Nilipomuuliza, alisema, "Tangu ujue, mikono yangu inaona haya." Nikaona ni madoido tu.

Baba hakumpenda. Alisema mtu anayechezea macho ya watoto atachezea na maisha ya binti ya mtu. Alikubali kuwapokea wazazi wake kwetu Kianyaga kwa shughuli ya mahari, ila shingo upande.

Kwetu, siku hiyo bibi harusi hufichwa. Anasimamishwa na wenzake, wote wamefunikwa leso kutoka kichwani, na bwana harusi anaambiwa amtoe wake. Akikosea, watu hucheka na yeye hutozwa mbuzi. Kwa wengine huishia hapo. Lakini asubuhi hiyo baba aliniita kando ya zizi.

"Huyu mtu yako akichukua mwingine," akasema, "wageni watakula, watashukuru, warudi kwao. Mambo ya mahari tutaongea mwaka ingine. Kama tutaongea."

"Baba, si huo ni mchezo tu?"

"Si yeye ni mtu wa michezo?"

Baba akitania hupaza sauti. Akiwa na hasira hunong'ona. Asubuhi hiyo alinong'ona.

Sikutishika sana, kwa sababu mimi na mchumba wangu tulikuwa tumepanga. Ningevaa viatu vya bluu anavyovijua, na kamba ya kimoja ningeiacha wazi. Aliyesimamia ufichaji alikuwa tata, dada yake baba. Alituingiza mimi na wenzangu chumba cha nyuma, akatazama miguu yetu, akacheka.

"Ati mnafikiri mimi sikuolewa? Hizi viatu ya bluu inaongea na nani? Toa."

Akatuletea gambuti za kuchumia chai, zote nyeusi, zote na matope. Simu yangu akaitia kwenye kiondo chake. Kisha akatufunika leso za rangi moja na kutuzungusha nyuma ya nyumba, huku akitubadilisha nafasi, hata nikawa sijui aliye kulia kwangu ni nani. Hapo roho ikaanza kunipanda.

Tukatolewa uwanjani. Chini ya leso niliona mwanga tu na ncha za gambuti zangu. Nyimbo zikakoma. Msema chochote, mwongozaji wa sherehe, akamwambia mchumba wangu achague wake, na asituchoshe. Nikasikia kikohozi cha baba, kikohozi cha mtu aliyekwisha kuamua.

Hatua zikaja polepole kwenye nyasi. Akasimama kwa mwenzangu wa kwanza, akasogea kwa anayefuata. Kusema kulikuwa mwiko. Bibi harusi akijitaja, ameuza nyumba ya baba yake. Alipofika kwangu niliona viatu vyake vimesimama mbele ya gambuti zangu. Nikabana pumzi. Nikajiambia, sasa, sasa hivi atanifunua.

Viatu vikaondoka.

Alinipita! Mtu ambaye nimekula naye githeri sahani moja, ninayejua hata anavyopiga chafya, alinipita kama nguzo ya ua. Akaenda mpaka mwisho wa mstari, akasimama huko, akakawia. Mtu akacheka chini chini. Nikasikia leso ya huyo wa mwisho ikiguswa. Niliona mwaka wa baba ukinijia, na mwingine baada yake, na hasira ikanijaa hata sikujua niko wapi.

Kisha hatua zikarudi, tena kwa haraka. Leso ikavutwa, jua likanipiga machoni, na wanawake wakapiga ngemi, vigelegele vya kwetu. Baba akainuka, akavua kofia na kumpa mchumba wangu mkono.

"Ulijuaje?" nikamuuliza jioni ile ile.

"Siri ya mtungi muulize kata," akajibu.

Nilimsumbua miaka mingi. Je, ni urefu? Ni namna ninavyosimama? Alicheka tu, na mimi nikasonya. Lakini moyoni nilijivunia. Kati ya wanawake wote waliofunikwa, alinijua bila alama yoyote. Siku tulipogombana vibaya, hilo ndilo nililolishika.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya mpwa wangu. Tata amechoka magoti, kwa hivyo kazi ya kuficha akanipa mimi. Akanivuta nyuma ya tangi la maji.

"Sikiza. Unasimama nyuma ya msichana. Kijana akikaribia, unatoa kiondo mkono hii unaweka hii ingine. Yeye huwa ameambiwa mapema."

"Hata wangu aliambiwa?"

"Si mimi ndio nilimwonyesha? Saa hii ungekuwa bibi ya nani?"

Nilihamisha kiondo wakati ulipofika. Kijana akachagua vizuri. Nikapiga ngemi kinywa kikavu. Njia nzima ya kurudi Nyeri nilikuwa nimekunja ngumi, kwa sababu nilihisi nimeibiwa kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho.

Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba akichuma sukuma.

"Kiondo," nikamwambia.

Akasimama wima. "Nani amekuambia?"

"Kumbe ni kweli."

"Kaa chini kwanza."

"Sikai."

Akaweka mboga chini. "Kiondo nilikiona. Lakini tata alikihamisha akiwa nyuma ya yule wa mwisho. Aliwazungusha mpaka akapotea mwenyewe. Sikutaka kumwaibisha, ndio nikanyamaza."

"Sasa mbona hukumchukua huyo?"

Akaokota jani moja la sukuma, akalipangusa udongo.

"Sema."

"Nikisema itaharibika."

"Imeshaharibika. Sema!"

"Nilikuwa nimeshika leso yake tayari," akasema. "Ilibaki kuivuta tu. Ndio nikasikia mtu kule nyuma akisonya."

Nikamtazama. "Mimi?"

"Nani mwingine anaweza kusonya hivyo mbele ya wazee?"

Nilicheka hata nikakaa chini bila kuambiwa tena, pale pale kwenye udongo, na machozi yakanitoka. Nilifurahi kuliko siku yenyewe. Baba alikuwa ametutega, tata akapotea, na ubaya wangu niliochapiwa ndio uliomrudisha.

Hata hivyo mume wangu hakukosea alipoogopa kusema. Tangu siku hiyo najisikia kabla sijasonya. Ulimi unapanda, unakumbuka kwamba kuna mtu anayeusikiliza, unashuka. Juzi nilileta nyumbani simu ya mteja iliyonishinda. Niliifungua, nikaifunga, nikaifungua tena. Mume wangu akaweka kikombe mezani, akangoja. Msonyo haukutoka.

"Hata mmoja tu?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya utani.

Nikavuta droo nikatoa kamba ya katani na makasi, nikaviweka mbele yake.

"Anza wewe," nikamwambia.