Bukari ya Njiani

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Kampuni moja hapa Kolwezi iliahidi kazi kwa mshindi wa mbio ndefu. Tangu udongo umfukie kaka yangu shimoni, sikutaka kuchimba tena, nikajiandikisha.

Asubuhi ya mbio kocha wetu, Tata Ilunga, alinipigia simu huku malori yakinguruma: "Mu njia ukule bukari kidogo-kidogo, itakupatia nguvu."

Sikushangaa. Mchimbaji gani hushuka shimoni bila bukari, huo ugali wetu? Mke wangu akasonga, akanifungia matonge kwenye mfuko.

Nilikuwa ninaongoza. Nikameza tonge, nikameza jingine. Watu walipocheka, mjinga mimi nikadhani wananionea wivu. Kwenye mlima tumbo likawa jiwe. Nikaanguka nikitapika, wote wakanipita.

Tata Ilunga akaja mbio, akafungua mfuko. "Hii nini?"

"Bukari, tata. Si ulisema mwenyewe?"

Akashika kichwa. "Mi nilisema sukari! Sukari!"

Barabara nzima ikaangua kicheko. Mke wangu peke yake hakucheka. Alijua kesho nashuka shimoni.