Jitu Lisilosema

Kwa kazi alikuwa seremala wa milango na vitanda, na karakana yake ilinuka gundi na vumbi la mbao. Lakini mtu akimwuliza kazi yake, hakuanza na useremala. "Mimi ni mwigizaji," alisema, kisha akaliacha neno lizame. "Milango ni ya kujikimu tu."

Mkewe, enzi za uhai wake, alizoea kudakia kutoka jikoni: "Mwigizaji wa filamu moja!"

Naye alijibu bila kugeuka, "Moja yatosha, mama. Hata jua ni moja."

Filamu yenyewe ilitengenezwa na mpiga picha za harusi wa mtaa wa pili, mtu mwenye maneno mengi kuliko vifaa, ambaye wote walimwita Direkta. Wakati huo kulikuwa na filamu kubwa ya ng'ambo, ya vijana waliopaa angani kwenda kuikomboa nyota iliyotekwa na mfalme dhalimu, na kila kijiwe kilikuwa kikiisimulia. Direkta akaapa kutengeneza ya kwake, ndani ya ghala la mjomba wake. Mlango wa chombo cha angani ulikuwa mlango wa friji bovu. Nyota zilikuwa matundu katika pazia jeusi, na taa nyuma yake. Walifanya kazi kwa namna moja tu: televisheni iliwekwa pembeni, mkanda wa filamu ile ukachezwa kipande kwa kipande, nao wakaiga kila walichokiona, tangu mkono ulivyoinuliwa hadi shingo ilivyogeuka. Mkanda huo ulikuwa wa magendo. Mtu fulani aliurekodi kwa kamera aliyoificha ndani ya koti, akiwa ameketi katikati ya watazamaji wa sinema.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Mahali ambapo mfalme dhalimu anawahutubia askari wake, umbo jeusi lenye mabega mapana liliinuka kutoka chini ya picha, likainama, likapita polepole kuelekea kushoto, likatoweka. Baadaye likarudi, safari hii limeshika mkononi kitu kipana juu na chembamba chini.

"Na hili dude ni nini?" aliuliza kinyozi, aliyepewa nafasi ya mfalme.

"Jitu," alisema Direkta, baada ya kuurudisha mkanda nyuma mara kadhaa. "Huoni mfalme hathubutu hata kulitazama? Linampita puani, naye anajifanya halioni. Hilo ndilo bwana wa wote. Na hiyo ni silaha yake."

"Mbona limeinama?"

"Wewe ungebeba dhambi za nyota nzima, ungetembea umenyooka?"

Hakuna aliyebisha. Seremala ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote, akapewa Jitu.

Vazi alilitengeneza mwenyewe: mabega ya mbao nyembamba, kofia ya ndoo iliyopakwa rangi nyeusi, silaha ya bati. Lakini vazi lilikuwa jambo dogo. Kilichomnyima raha ni ule mwendo. Aliuazima mkanda, akautazama nyumbani mpaka mkewe akauliza kama Jitu nalo litakula chakula cha jioni. Akabaini kwamba mguu ulitangulia kupapasa kabla ya kukanyaga, na kwamba mkono ulikuwa ukiomba njia. Kwa hiyo, akahitimisha, hili si jitu katili. Ni baba aliyepotelewa na mwana katikati ya nyota, anayepita mbele za wafalme bila kuwaona, kwa kuwa hawana anachokitafuta. Siri hiyo alimwambia mkewe peke yake. Siku ya kurekodi alipopita, kinyozi alisahau maneno yake.

Katika mabanda ya video watu walikicheka chombo cha angani, lakini Jitu lilipopita hapakucheka mtu. Watoto wa mtaa walimkimbia seremala kwa hofu tamu. Baada ya hapo Direkta alirudi kwenye harusi zake, na seremala akangoja kuitwa tena. Alingoja hadi mvi zikamkuta. Mkewe akatangulia mbele ya haki. Binti yao wa pekee akawa muuguzi, naye aliwaambia wenzake kazini, bila haya, kwamba baba yake ni mwigizaji.

Kisha vijana wa chama cha wapenzi wa filamu wakabisha hodi karakanani. "Shikamoo, mzee. Tunaionyesha ile filamu yenu. Tunaomba uje, tukupe heshima yako."

Jumamosi mchana alipiga pasi koti, akaenda na bintiye. Ukumbi ulifurika. Waliucheka mlango wa friji, naye akacheka nao. Lakini Jitu lilipoingia, kicheko kiligeuka mayowe. Watu walipiga viti kwa viganja. Kijana mwenye kipaza sauti akaisimamisha filamu, akaonyesha ile ya ng'ambo, nakala safi. Mfalme alihutubia mwanzo hadi mwisho, hapakupita mtu. Kisha akaonyesha ule mkanda wa magendo.

"Jamani, Jitu ni mtazamaji aliyekuwa anakwenda msalani! Na hapa anarudi na kikombe chake cha bisi!"

Seremala alitabasamu kama atabasamuye mgeni asiyeijua lugha. Halafu akaelewa, kuanzia miguuni. Ule mguu uliopapasa ulikuwa ukikwepa magoti ya watu. Mkono uliomba radhi. Aliyevuliwa nguo huchutama. Yeye, safu ya mbele, hakuwa na pa kuchutamia.

Wakati wa mapumziko alimkuta Direkta, aliyealikwa naye, akifuta machozi ya kicheko. "Ulijua?"

"Nilijua kabla hatujamaliza. Binamu yangu aliniletea mkanda safi."

"Miaka yote hii, bwana?"

"Ningekwambiaje, fundi? Sisi wote tulikuwa tunaiga. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unaigiza."

Sifa ile ndiyo aliyoingoja maisha yake yote, na ilimchoma kuliko kicheko cha ukumbi mzima.

Kijana wa kipaza sauti akaja mbio. "Mzee wetu, umeua! Jumamosi ijayo tuna ukumbi mkubwa zaidi. Utuvalie lile vazi, upite jukwaani, basi."

"Haji," alisema binti. "Baba, twende zetu. Hawa wanakucheka."

"Nimesikia, mwanangu. Masikio ninayo."

"Sasa?"

"Sasa, tangu mama yako akiwa hai mpaka leo, nani mwingine, zaidi ya hawa, amewahi kuniomba nipite?"

Binti akachukua mkoba wake. "Basi hiyo Jumamosi utakwenda peke yako," akasema, akashika njia ya mlangoni.

Seremala hakumfuata. Alimgeukia kijana, akaweka sawa kola ya koti. "Jukwaa lenu ni refu?"

"Refu sana, mzee."

"Na msipige muziki nikipita. Jitu lina msiba."

Kijana aliangua kicheko, akampiga begani kwa mapenzi, akamwahidi kwamba muziki hautapigwa.