Boneti Iliyomzika Bibi Yangu Akiwa Hai

Nimeshaona watu wakilia kwenye kumbukumbu za marehemu. Lakini marehemu mwenyewe anafika, kavaa miwani ya jua, anauliza chakula kiko wapi? Hiyo nimeiona mara moja tu.

Marehemu huyo ni Bibi yangu, Eufemia Archuleta, wa hapa hapa Española, mji wetu wa bondeni.

Na aliyemtangaza marehemu ni mimi.

Ngoja nianze mwanzo, maana ukiidaka katikati utaniona mwendawazimu. Utaniona hivyo hivyo, ila angalau utajua sababu.

Babu Onofre alipofariki aliacha gari, Impala ya mwaka sitini na nne. Nikakaa nayo gereji miaka minne. Nikaipaka rangi nyekundu tabaka kumi na saba, hadi ukiisogelea unaona meno yako. Nikaifungia pampu za mafuta, zile za kuinua gari na kulishusha kwa swichi. Mchumba akanikimbia. Sikumlaumu, hata mimi ningejikimbia.

Tatizo moja. Kadi ya gari ilikuwa bado na jina la Bibi.

"Siku ukipata kibao cha chama, Eliseo, naandika jina lako," aliniambia. "Kabla ya hapo, wewe ni dereva wangu tu."

Chama chenyewe ni Wafalme wa Bonde, wenye magari ya zamani yaliyopambwa. Kibao chao cha chuma ukikiweka kioo cha nyuma, bonde zima linakuheshimu. Wanapokea magari mapya mara moja kwa mwaka, Jumapili ambayo padri anabariki magari nje ya kanisa.

Mwenyekiti wao ni Fidencio, pande la mtu, masharubu kama mpini wa baiskeli. Ana sharti moja: gari lazima libebe mtu wako. Yaani mchoro. Kaka aliyekufa vitani, mama, hata mbwa kama mlipendana.

"Rangi tupu hata friji linayo," huwa anasema.

Basi mwaka huu, wiki mbili kabla ya Jumapili hiyo, Bibi akaanguka jikoni, moyo umemgomea. Hospitali wakatuita ukoo mzima. Daktari akatuambia tuagane naye.

Nililia jamani. Nililia mpaka nesi akanipa boksi zima la tishu.

Saa hiyo hiyo simu ikaita. Delfido, fundi mchoraji bora kuliko wote bondeni, ambaye foleni yake ni mwaka mzima.

"Eliseo, kuna mteja kaghairi. Nina siku tatu, halafu naenda Texas, sirudi mpaka mwakani. Unachora au huchori?"

Hapo ndipo shetani akanishika mkono.

Nikajisemea, kuondoka Bibi anaondoka. Si bora nimuenzi mapema?

Nikampelekea gari na picha. Picha hiyo niliiokota chini ya kiti cha nyuma nilipokuwa nabadilisha ngozi za viti. Msichana mrembo, kaegemea Impala hii hii, anacheka, ua sikioni. Bibi enzi zake! Nilikuwa naitunza kwenye pochi.

Delfido akaijaza boneti nzima. Uso, ua, mawingu, njiwa wawili. Na maandishi ya dhahabu: PUMZIKA KWA AMANI BIBI EUFEMIA, TUTAONANA MBINGUNI.

Kazi ilikuwa nzuri kiasi kwamba nililia tena.

Siku ya nne Bibi akafumbua macho, akaomba supu ya pilipili mbichi.

Siku ya sita akawa anamgombeza daktari.

Siku ya kumi na mbili yuko nyumbani, anauliza, "Gari langu liko wapi?"

Nikakimbilia gereji.

Kufuta haiwezekani, Delfido yuko Texas na padri anakuja keshokutwa. Kuacha nafasi ni kusubiri mwaka mwingine. Na Bibi akiona nimemzika ili nipate kibao, gari sipati, na moyo wake ndiyo kwanza umepona.

Nikafunika boneti kwa blanketi. "Rangi bado mbichi," nikamdanganya.

"Sawa. Jumapili nakuja. Mungu kaniponya, lazima nikashukuru. Nitakaa mbele."

Kukaa mbele hakukunitisha. Bibi hafiki hata mita moja na nusu, na viti vya Impala viko chini. Akikaa, anachoona ni dashibodi na anga. Kazi ilikuwa akishuka.

Nikapata akili. Pampu! Nikiinua pua ya gari hadi mwisho, boneti inakuwa juu ya kichwa chake. Ataona taa na bampa basi.

Tukafika kanisani. Fidencio akaja, akavuta blanketi kabla sijazima injini. Nikaminya swichi, pua ikapaa.

Fidencio akasoma. Akavua kofia. Masharubu yakaanza kutetemeka.

"Pole sana, ndugu yangu. Sikujua. Alikuwa ananilisha mimi utotoni!"

Wanachama wakaja mmoja mmoja. Pole, Eliseo. Pole sana. Mmoja kaniwekea maua kwenye bampa.

Bibi akateremsha kioo. "Fidencio! Mbona unalia kama mtoto? Nani kafa?"

Fidencio akapiga ishara ya msalaba mara tatu, akakaa chini. Pande lote lile, kwenye lami.

Bibi akashuka. Na miwani yake.

"Maua haya ya nani? Halafu chakula kiko wapi?"

Sasa sikia. Bomba moja la mafuta lilikuwa linavuja. Kila dakika chache pua inashuka taratibu, nami naminya swichi, inapanda. Inashuka, naminya. Padri akafika na maji yake ya baraka, nikaminya tena.

Kimya.

Betri za pampu zimekufa.

Gari likaanza kuinama. Fsssss. Taratibu, kama linamsalimia. Boneti ikashuka hadi mbele ya pua ya Bibi, mbele ya padri, mbele ya bonde zima.

Bibi akavua miwani. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno.

Nikapiga magoti. "Bibi nisamehe! Daktari alisema tuagane, na mimi tamaa ya kibao…"

"Nyamaza." Alikuwa haangalii maandishi tena. Alikuwa anaangalia uso. "Eliseo. Picha hii uliitoa wapi?"

"Chini ya kiti cha nyuma."

"Kiti cha nyuma!"

"Si wewe, Bibi?"

"Mimi lini nimekuwa na kishimo cha shavu?"

Nyuma ya meza ya chakula cha tamales kijiko kikaanguka. Bi Ramoncita Trujillo, miaka themanini na mbili, mjane, mpishi wa kanisa, kasimama kashika shavu. Lenye kishimo.

"Mama yangu weee," akasema kwa sauti ndogo, "huyo ni mimi."

Padri akaendelea kunyunyiza maji bila kumtazama mtu.

Bibi alimwendea. Nikajua leo kuna maziko kweli. Wakatazamana.

"Ilikuwa kabla ya harusi yangu na Onofre au baada?"

"Kabla, Eufemia. Naapa. Aliniambia picha kaichoma."

"Na mimi aliniambia hivyo hivyo!"

Halafu Bibi akaanza kucheka. Akacheka hadi akamshika Bi Ramoncita bega asianguke. Wakacheka wote wawili, huku wanamtukana Babu kwa zamu.

Fidencio akainuka, akajifuta macho. "Nina miaka thelathini kwenye chama hiki. Sijaona gari lililobeba watu wawili kwa uso mmoja, na wote wazima." Akanikabidhi kibao.

Nikamgeukia Bibi na tabasamu la kuomba. "Kadi ya gari je?"

"Ungepewa leo," akasema. "Ila umenizika. Basi utaipata nikifa kweli. Na kwa ninavyojisikia, tafuta baiskeli."

Mchoro haujafutwa, Bibi kakataza. Delfido akirudi anaongeza kitu kimoja tu: Babu Onofre kwenye kona, kapiga magoti, anaomba radhi. Kila Jumapili nawaendesha wanawake wawili, wamekaa nyuma, wanabishana nani aliimbiwa na Babu nyimbo nyingi zaidi.

Wadau, funzo ni hili. Ukitaka kumuenzi mtu, nenda kamuulize angali anakula supu.

Na ukiokota picha chini ya kiti cha nyuma cha babu yako, irudishe hapo hapo.