Viatu vya Kuazima Angani

Mjomba wa mke wangu alirusha ndege ya mabomu wakati wa vita vya Kagera. Mimi kitu cha hatari zaidi nilichowahi kuendesha ni semina.

Uzeeni amerudi Msimbu kulima mihogo. Mwaka jana aliandika kumbukumbu zake kwenye kaunta buku mbili, akaniletea nyumbani kwangu Visiga.

"Mkwe, wewe ndiye msomi. Ninyooshee Kiswahili."

Kiswahili chake hakikuhitaji kunyooshwa, na hilo ndilo lililoniudhi. Niliudhika zaidi mke wangu alipoifungua kaunta buku ya kwanza jikoni, maharage yakaungua. Nimeandika makala kwa miaka ishirini, na hakuna hata moja iliyowahi kuunguza kitu nyumbani kwetu. Makala zangu huzisoma akitafuta usingizi, na huupata.

Katika sura ya nne mzee anaeleza jinsi mizinga ya chini ilivyoanza kumtafuta kabla hajadondosha mabomu. Bawa likatobolewa, ndege ikalala upande. Aliandika hivi: "Nilijua nakufa. Nikafikiria viatu. Nilikuwa nimevaa vya mwenzangu bila kumwambia." Basi. Kisha anatua, anavirudisha viatu chini ya kitanda cha mwenzake, na kesho yake mwenzake huyo anaruka na harudi.

Nilisoma sehemu hiyo mara nne nikitafuta kasoro. Nilipoikosa, nikaikata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Haina uzito." Mahali pake nikaweka aya yangu kuhusu mauti, yenye tai, machweo na umilele. Sijawahi kupanda ndege.

Jumapili moja tukaenda Msimbu. Macho ya mzee yamechoka, hivyo alitaka asomewe kabla ya kupeleka kwa mchapaji. Tuliketi barazani, mkewe akimenya mihogo, nami nikasoma kwa sauti yangu ya mihadhara. Nilipofika kwenye tai, mzee akanyanyua mkono.

"Mkwe, huyo tai katokea wapi?"

"Ni lugha tu, Mjomba. Nimeboresha kidogo."

"Mle ndani nilikuwa peke yangu. Tai hakupangiwa zamu."

Mkewe alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Mke wangu hakucheka, wala hakunitazama. Alitazama uani, akaanza taratibu, "Nilijua nakufa. Nikafikiria viatu," akaendelea hivyo bila karatasi, bila kukosea neno, mpaka chini ya kile kitanda.



"Ndivyo ilivyokuwa," akasema mzee. "Nirudishie viatu vyangu, mkwe. Huyo tai kaa naye."

Njiani nilimuuliza mke wangu kama kuna sentensi yangu yoyote anayoikumbuka, hata fupi. Alifikiria kwa moyo mweupe kabisa. Tulipofika Visiga alikuwa bado anafikiria.