Filamu Niliyomwonyesha Mama Mkwe Ndiyo Ilininyang'anya Mtoto

Wenye page, nawaomba mfiche jina langu kabisa kwa sababu shemeji zangu wanafuata hapa. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tatu, nimeolewa upande wa juu wa Runyenjes, kwa watu wa chai. Shule niliachia kidato cha pili, kwa hivyo mkiona makosa mnisamehe. Nina msichana mmoja mdogo, hapa nitamwita Wanja. Alichukua jina la mama mkwe, vile desturi yetu inataka msichana wa kwanza aitwe.

Kabla ya Wanja nilizaa kijana, akaishi wiki chache tu akaniacha. Alizikwa nyuma ya migomba na watu wakarudi shambani. Hapa kwetu hatajwi. Nikimtaja naambiwa nishukuru Mungu nilipata mwingine. Ni kweli nilipata, lakini yule hakuwahi kutoka kwa roho yangu.

Kuna mama mmoja tunauza ndizi pamoja soko la Karurumo. Siku moja nikamweleza habari za huyo mtoto. Hakuniambia nishukuru. Aliniuliza, "Alikuwa anafanana na nani?" Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo, hata bwanangu. Nililia mpaka wateja wakapita. Halafu akaniambia kanisani kwao, Wamormoni, wanaamini mama aliyefiwa na mtoto mchanga atapewa tena amlee siku ya ufufuo. Ndio nikaenda, na mwishowe nikabatizwa. Bwanangu alisema tu, "Ni Mungu yule yule."

Shida ilianza na chai. Wamormoni hawanywi chai ya majani wala kahawa. Jamani, mimi nimeolewa mahali tunaamkia kuchuna chai, na mtu haingii nyumba ya mwingine bila kuwekewa kikombe! Shemeji yangu mmoja, ndugu ya bwanangu, akanitania, "Mama Wanja, chai inakulisha, chai inakuvalisha, sasa kuinywa ndio dhambi? Basi vua hiyo sweta!" Tulicheka wote, hata mimi. Mama mkwe hakucheka. Mke wa kijana wako akikataa kikombe chako, ni kama amesema umeweka kitu ndani. Akaanza kunipita njiani bila salamu.

Sasa hapo ndipo nilifanya lile jambo. Vijana wa kanisa walinipa filamu kwa flashi, ya Wamormoni wa kwanza huko Amerika ya zamani. Sio filamu ya matajiri, ni watu wachache walijichangia wakaitengeneza, unaona kabisa waigizaji ni walewale wanarudi. Lakini ilinishika. Majirani wanakuja na bunduki, wanachoma nyumba, wanafukuza wamama na watoto watembee kwa barafu, kwa sababu ya kuabudu tu. Nikajiambia, mama mkwe akiona hii, atanihurumia. Ana roho nzuri huyo mama, mimi namjua.

Jumapili moja mchana nikapika chapati, tukakaa kwake mbele ya TV. Bwanangu alikuwa anamtafsiria kwa Kiembu. Shemeji alikuwa na maneno yake, "Si hawa ndio walikuwa wanaoa wengi? Kaka, wewe batizwa haraka!" Mama mkwe akamwambia anyamaze aangalie. Ikafika mahali mama mmoja anatembea na mtoto mgongoni kwa baridi, akimshusha anapata amekufa. Mama mkwe akashika leso akalia. Jamani, moyo wangu ulifurahi! Nikasema kimoyomoyo, Mungu, asante, ameelewa.

Filamu ikaisha. Akapangusa macho, akaniangalia.

"Mama Wanja, hao watu nimewaonea huruma. Lakini yule mtoto aliuawa na nani?"

Nikasema, "Ni wale waliowafukuza, mama."

"Hapana. Ni mama yake. Angekaa na watu wake, angenyamaza, mtoto angeishi."

Akamwita Wanja, akamweka kwa mapaja. "Huyu ana jina langu. Huyu ni mimi. Na mimi siendi kufa kwa barabara ya dini ya wengine. Wewe nenda ukitaka."

Nilimwangalia bwanangu. Alikuwa anachomoa flashi kwa TV, akanipa bila kunitazama. "Mama amesema," akaniambia.

Tangu hapo Wanja analala kwa cucu yake, huyo mama mkwe. Wameniambia nitarudishiwa nikisimama mbele ya kanisa lao la hapa nyumbani niseme nilidanganywa, na yote niliyofundishwa ni uongo. Chai ningekunywa hata leo, Mungu anisamehe. Lakini kusema yote ni uongo ni kusema hata yule kijana wangu sitamwona tena. Nikifungua mdomo, maneno yanakataa.

Nilienda kwetu Siakago. Baba yangu akasema, "Mwanamke anasali pale bwanake anasali. Rudi." Hata hakunikaribisha kiti. Yule mama wa ndizi analia tu na mimi, anasema nisivunje nyumba, nivumilie. Kuvumilia mpaka lini na mtoto anakua? Bwanangu si mtu mbaya, hajawahi kunipiga, ila nikianza kuongea anachukua jembe anatoka. Bado kila asubuhi naamka nikidhani leo atabadilika.

Jana nilikuwa nachuna chai karibu na ua wa mama mkwe, nikamwona Wanja anacheza. Nikamwita. Zamani angekimbia mpaka aanguke. Jana alisimama, akageuka kwanza kumwangalia cucu yake, aone kama anaruhusiwa kuniitikia. Cucu akainama tena kwa kazi yake. Mtoto akarudi kucheza.

Nyinyi wamama mko hapa, msinitukane kwa sababu ya kanisa, hilo nimetukanwa la kutosha. Nikisimama mbele ya watu nampata huyu na namkana yule. Nikikataa nampoteza huyu nabaki na yule tu. Mama mwenzangu, ungekuwa ni wewe, ungefanya nini?